Pau Mbili Zisizohusu Pau: Jinsi ya Kuelewa Mnada wa Briji

Aliyewahi kucheza turufu barazani anajua kwamba karata ni nusu ya mchezo. Nusu ya pili ni macho. Mwenzako akikuna sikio ana ree, akikohoa kidogo anataka uanze kopa, na akijifanya kutafuta kiatu chini ya mkeka basi ujue hana kitu. Wapinzani wanajua mnakonyezana, nao wanakonyezana vilevile, na hodari ni yule anayefikisha habari bila kuonekana.

Briji inaanza na shida hiyohiyo. Watu ni wanne, wawili kwa wawili, na mwenza amekaa mkabala nawe. Karata 52 zinagawiwa zote, kila mtu anapata 13, na jambo unalotamani kulijua kuliko yote ni mwenzako ameshika nini. Lakini dawa yake ni ya ajabu kwa mtu wa turufu: unamwambia, hadharani, na wapinzani wakitaka kujua umesema nini wana haki ya kuelezwa. Anayekuna sikio anafukuzwa.

Mazungumzo hayo ya hadharani ndiyo mnada, na kanuni zinazolipatia dau moja maana isiyotokana na maneno yake huitwa mapatano. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa briji wanapokwama. Wanamsikia mtu akisema "2 pau" wakati hana pau ya maana, mwenzake anajibu "2 uru" wakati hana uru, na wote wawili wanaonekana wameridhika.

Tuanze na msamiati. Nitatumia majina yetu: shupaza, kopa, uru na pau. Wareno walikuja na espadas, copas, ouros na paus, pwani ikayalainisha, kama ilivyoifanya trunfo kuwa turufu. Kwenye briji aina hizi zina ngazi. Pau iko chini, kisha uru, kisha kopa, kisha shupaza, na juu ya zote kuna "bila turufu", yaani tucheze bila aina yoyote kuwa turufu. Dau ni namba kuanzia 1 hadi 7 pamoja na aina. Namba hiyo unaiongezea sita: ukisema "1 kopa" umeahidi kwamba wewe na mwenzako mtakula mizunguko 7 kati ya 13, kopa ikiwa turufu. Ukisema "7 bila turufu" umeahidi kula yote. Kila dau sharti lipande juu ya lililotangulia, na watu watatu wakisema "pasi" mfululizo baada yake, mnada umefungwa. Dau la mwisho ndilo mkataba.

Ukihesabu, madau yote ni 35. Ongeza pasi, dabo (kuwapinga wapinzani kwamba mkataba wao hawautimizi) na ridabo (jibu la kuipandisha dabo hiyo). Kwa hiyo lugha nzima ya mnada ina maneno 15: namba saba, aina nne, bila turufu, na hayo matatu. Mikono tofauti ya karata 13 inayoweza kukufikia ni 635,013,559,600. Kueleza mabilioni hayo kwa maneno 15, tena kwa ngazi inayopanda tu na hairudi nyuma, ndiyo kazi yenyewe. Fujo yote ya mapatano inatokana na uhaba huo wa maneno.

Lakini kwa nini mtu ajisumbue kupanda? Akishaona wana nguvu, si aseme dau dogo, acheze, ale mizunguko yake mingi na alipwe? Zamani ilikuwa hivyo. Katika mchezo uliotangulia huu, mizunguko uliyokula ilihesabiwa yote hata kama hukuiahidi. Mwaka 1925 tajiri wa Kimarekani Harold Vanderbilt, akiwa safarini kwa meli kupitia mfereji wa Panama, alitunga hesabu mpya ambayo kiini chake ni kimoja: kinachohesabiwa kuelekea gemu ni kile ulichoahidi tu. Kila mzunguko ulioahidiwa juu ya ile sita ya kwanza, kwa pau au uru, una thamani ya 20, kwa kopa au shupaza 30, na bila turufu 40 wa kwanza na 30 inayofuata. Ukifikisha 100 kwa mkataba mmoja umepata gemu na zawadi nono. Kwa hiyo gemu ni 3 bila turufu, au 4 kopa, au 4 shupaza, au 5 pau, au 5 uru. Ukila mizunguko 10 kwa kopa baada ya kuahidi 8 tu, zawadi hiyo huioni. Ukiahidi 10 ukala 9, unatozwa.

Tangu hapo, kujua mwenzako ana nini kukawa na bei. Haishangazi kwamba Vanderbilt huyohuyo alikuwa wa kwanza kutengeneza mfumo mzima uliojengwa juu ya dau la uongo: "1 pau" yake ilimaanisha "nina mkono wenye nguvu", basi, bila kusema neno lolote kuhusu pau.

Kipimo cha nguvu ni rahisi. Ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1, jumla 40 kwa karata zote. Wenza wawili wakiwa na pointi kama 25 wanaweza kujaribu gemu bila turufu au kwa kopa na shupaza. Wakikaribia 33 wanaweza kufikiria slamu, yaani mizunguko 12. (Mzoefu wa turufu ya pwani ajihadhari: kule saba ni mali, inampita hata mfalme. Hapa saba ni karata tu.)

Sasa twende kwenye zile pau mbili.

Mwenzako amefungua mnada kwa "1 bila turufu". Kwa mfumo wa Wamarekani, hilo ni dau la ukweli kabisa: ana pointi 15 hadi 17 na mkono uliosambaa, hana aina yenye karata moja wala isiyo na karata. Wewe umeshika hivi: shupaza mfalme, jeki, 7, 3, kopa ree, 10, 6, 4, uru malkia, 8, 5, pau 9, 2. Pointi 10. Kumi na kumi na tano ni 25, gemu ipo. Swali ni gemu ipi.

Tazama zile pau zako mbili. Mkicheza bila turufu, wapinzani wataanza pau, watakula ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na huna la kufanya ila kutupa karata. Lakini kama mwenzako naye ana kopa nne, mkazifanya turufu, pau ya tatu utaikata. Nne kwa nne ni hazina: turufu za mkono mmoja zinakata, za mkono mwingine zinakula peke yake baadaye, na mara nyingi mnapata mzunguko mmoja zaidi kuliko bila turufu. Kwa hiyo unataka kumuuliza swali moja: una kopa nne au shupaza nne?

Maneno 15 hayana neno la kuulizia. Ila kuna neno lililokaa bure. Fikiria: baada ya mwenzako kusema 1 bila turufu, ni mara ngapi kweli utataka mkataba wa 2 pau? Ni nadra mno. Ni mkono dhaifu wenye pau nyingi, basi, na hata ukiukosa mkataba huo hasara ni ndogo. Neno hilo limelala, na lipo ngazi ya chini kabisa, kwa hiyo jibu lolote bado lina nafasi. Linaajiriwa. "2 pau" sasa ni swali. Majibu ni matatu: "2 uru" ni sina, "2 kopa" ni nina kopa nne, "2 shupaza" ni nina shupaza nne lakini si kopa. Ukisikia 2 kopa, unasema 4 kopa na mnada umekwisha. Ukisikia 2 uru, unasema 3 bila turufu na kuomba Mungu kuhusu zile pau.

Haya huitwa mapatano ya Stayman, kwa kuwa Sam Stayman ndiye aliyeyatangaza kwa maandishi Marekani mwaka 1945. Aliyeyabuni ni mwenza wake mezani, George Rapée, na kule Uingereza Jack Marx alikuwa amefika palepale kwa njia yake mwenyewe. Stayman alibaki na jina. Ndivyo majina yanavyogawiwa.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu ukiuelewa umeelewa karibu mapatano yote yaliyobaki. Kila moja ni dau lililokuwa halina kazi likapewa kazi. Na kila moja lina gharama: ile siku adimu utakayotaka kweli kucheza 2 pau, huwezi kusema. Anayekufundisha pato la mapatano bila kukutajia gharama yake ni mchuuzi tu.

Wapo waliopeleka wazo hilo mbele hatua moja. Kama 2 pau ni swali, vipi kuhusu "2 uru"? Katika mapatano ya uhamisho, ambayo Oswald Jacoby aliyaeneza Marekani kuanzia 1956 baada ya Msweden Olle Willner kuyaandikia kwao, 2 uru ina maana ya "nina kopa tano au zaidi, tafadhali sema 2 kopa". Na 2 kopa inaomba 2 shupaza. Mwenzako hana hiari, anatii.

Kwa mgeni huku ni kuzunguka bure. Si useme kopa mwenyewe? Kuna sababu mbili. Anayetaja aina kwanza ndiye anayecheza mkataba, na karata za mwenzake zinalazwa wazi mezani. Mpinzani wa kushoto kwa mchezaji ndiye anayeanza. Sasa tuseme mwenye pointi 16 ana mfalme na 6 ya pau. Mkono wake ukifichwa, pau ikianza kutoka kushoto mfalme anacheza wa mwisho, baada ya wote kuonyesha walichonacho. Mkono huohuo ukilazwa mezani, pau inampitia mfalme wakati ree na malkia wamekaa nyuma yake wanamsubiri. Basi afadhali mwenye nguvu awe ndiye anayejificha. Sababu ya pili naipenda zaidi: baada ya mwenzako kutii, zamu inarudi kwako. Umetaja kopa tano na bado una neno la pili. Ukiwa na pointi sifuri unasema pasi, mnacheza 2 kopa, pengo limezibwa. Ukiwa na pointi kumi unaendelea.

Gharama yake ni kumbukumbu. Nimewahi kusema 2 uru nikiwa na uru moja tu mkononi, nikisubiri 2 kopa yangu, mwenzangu akafikiri, akatabasamu, akasema pasi. Alikuwa na uru tatu. Tukacheza kwa turufu nne dhidi ya tisa zao. Wapinzani walikuwa watu wa adabu, hawakucheka mpaka karata ya saba.

Kuna dabo. Kwa maneno yake, dabo ni changamoto: mkataba huo hamuutimizi, na mkishindwa mlipe zaidi. Maana hiyo ina akili dhidi ya 4 shupaza. Dhidi ya 1 kopa, dau la kwanza kabisa la mpinzani, haina maana kubwa. Nani ana hakika ya kumwangusha mtu aliyeahidi mizunguko 7 tu? Neno limelala, basi, na likaajiriwa hata kabla ya hesabu ya Vanderbilt: dabo ya mapema ni ombi. "Mwenzangu, nina nguvu za kufungua na aina zile nyingine tatu nazimudu, chagua moja." Mwaka 1957 Alvin Roth akaigeuza tena, safari hii kwa mwenza wa aliyefungua: mwenzako amesema 1 uru, mpinzani ameingilia kwa 1 shupaza, wewe una kopa nne lakini nguvu za kupanda hadi 2 kopa huna, unasema dabo. Mwaka huo Wasovieti walikuwa wamerusha setilaiti yao ya kwanza, na wachezaji wakaiita dabo hiyo Sputnik.

Utauliza: neno hilohilo, mara ombi, mara adhabu, nitajuaje? Kwa ngazi, na kwa kuangalia mwenzako alishasema nini. Dabo ya chini, mwenza akiwa hajataja kitu, ni ombi. Dabo ya juu, baada ya mnada mrefu, ni adhabu. Katikati kuna ukungu, na ndoa nyingi za mezani zimevunjikia hapo.

Maarufu kuliko yote ni mapatano ya Easley Blackwood, mtu wa bima wa Indianapolis, aliyeyatunga mwaka 1933. Mmeshakubaliana turufu na mna nguvu za slamu. Unasema "4 bila turufu", na mwenzako anahesabu ree zake: 5 pau hana hata moja au anazo zote nne, 5 uru anayo moja, 5 kopa mbili, 5 shupaza tatu. Ni rahisi, na urahisi huo ndio unaowaponza watu. Mtu akiona pointi nyingi anauliza ree kama anayebonyeza kengele, bila kufikiri jibu litampeleka wapi. Tuseme turufu mliyokubaliana ni pau, una ree moja na unahitaji angalau mbili kwake. Unauliza, anajibu 5 uru: anayo moja. Ree mbili hazipo, slamu haipo, unataka kusimama kwenye 5 pau, lakini 5 pau iko chini ya 5 uru na ngazi haishuki. Umejifungia ndani ya 6 pau, na wapinzani wana ree mbili za kuanzia. Kabla ya kuuliza, pima majibu yote. Kama kuna jibu litakalokuvusha pale unapotaka kusimama, usiulize. Na kumbuka kwamba chombo hiki hakikuambii kama mizunguko 12 ipo. Kinakuzuia tu kupanda slamu ambayo wapinzani wataivunja kwa ree mbili za haraka. Wachezaji wengi siku hizi humhesabu na mfalme wa turufu kama ree ya tano, na majibu yamepangwa upya. Wazo ni lilelile.

Mpaka hapa mtu wa baraza atasema: basi hizi zote ni ishara za siri zilizovalishwa kanzu. Hapana, na tofauti ni moja tu. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua, lakini sheria ya briji inasema mjinga naye apewe ufunguo. Mwenzako akisema dau lenye maana iliyofichika, wewe ndiye unayewatahadharisha wapinzani, na wakiuliza wewe ndiye unayeeleza. Angalia: unaeleza dau la mwenzako, kamwe si lako, maana ungeeleza lako ungekuwa unamkumbusha mwenzako mlichopatana. Kwenye michezo ya mtandaoni, ambako mwenza haoni maelezo yako, kawaida inageuka na kila mtu anaeleza dau lake mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo mashindano hayatumii sauti. Kila mchezaji ana kisanduku cha kadi zilizoandikwa madau, anachomoa anayotaka na kuiweka mezani, ili "1 shupaza" ya furaha isitofautiane na ya huzuni. Hata kusita ni habari. Ukifikiri sekunde kumi ndipo useme pasi, umemwambia mwenzako una kitu, na yeye sasa amekatazwa kuitumia habari hiyo. Ni sheria ngumu kuisimamia, kwa sababu inamtaka mtu asahau alichokiona.

Wapo walioshindwa, au waliotuhumiwa kushindwa. Buenos Aires, 1965, kwenye mashindano ya dunia, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walishutumiwa kwamba vidole vyao nyuma ya karata vilikuwa vinahesabu kopa. Shirikisho la dunia likawaona na hatia. Uchunguzi uliofanywa kwao Uingereza ukasema ushahidi hautoshi. Mwaka 1975, Bermuda, mezani paliwekwa pazia la ubao ili wenza wasionane nyuso. Waitaliano wawili wakakaripiwa kwa kukanyagana miguu chini ya meza. Ubao ukashushwa hadi sakafuni.

Swali gumu zaidi ni la mapatano halali yanayozidi kiasi. Waitaliano walitawala dunia, wakitwaa ubingwa mara kumi kati ya 1957 na 1969, wakiwa na mifumo ambayo 1 pau haikuwa pau. Mwaka 1969 Taiwan, taifa ambalo wengi hawakulitarajia, ilifika fainali kwa mfumo wa C. C. Wei, nao pia 1 pau yake ni nguvu tupu. Baadaye Poland, Australia na New Zealand zikatoa watu waliogeuza kila kitu: anayesema pasi mwanzoni ndiye mwenye nguvu, na anayefungua mnada huenda hana kitu. Lilikuwa jambo la busara kihesabu, kwa kuwa pasi ndiyo neno la bei nafuu kuliko yote, lakini wapinzani walikuwa na dakika chache tu za kutunga kinga dhidi ya lugha waliyoisikia mara ya kwanza. Mifumo hiyo ikawekewa mipaka. Mimi naona walifanya sawa. Haki ya kuuliza haina thamani kama jibu linahitaji wiki kulielewa.

Anayeanza ajifunze manne tu: swali la Stayman, uhamisho, dabo ya ombi na hesabu ya ree. Kisha, kabla ya kuongeza la tano, akae na mwenzake wajibizane: wapinzani wakiingilia kati, haya bado yanafanya kazi? Umefungua 1 bila turufu, mpinzani akasema 2 pau kabla yangu. Swali langu nimeporwa. Je, dabo yangu sasa ni lile swali? Wengine wanasema ndiyo, wengine hapana, na majibu yote mawili ni mazuri ilimradi yawe moja kwenu. Nusu saa ya mazungumzo hayo inashinda kukariri mapatano kumi.

Soma mnada huu, wapinzani wakiwa wamesema pasi muda wote. Wewe umefungua 1 bila turufu. Mwenzako: 2 kopa. Wewe, kwa kutii: 2 shupaza. Mwenzako: 3 bila turufu. Hajataja shupaza hata mara moja, lakini umeshajua anazo tano kamili, kwa sababu angekuwa na sita angepanda 4 shupaza mwenyewe. Na umejua ana nguvu za gemu. Amekuachia uamuzi. Mkononi una shupaza tatu. Chomoa kadi ya 4 shupaza.